Mbaazi Zilizoganda

Kuna watu husema kitu kikitiwa kwenye barafu kimeokoka. Si kweli. Kimesubirishwa tu. Barafu haikiongezei kitu hata siku moja. Inazikunja zile siku zilizobaki, inazipanga kama shuka kabatini, na barafu ikiondoka zinakunjuka zote kwa mara moja. Lakini Mwasiti hakuwa amelijua hilo asubuhi ile alipoamshwa na kimya.

Friji la mama yake lilikuwa limenyamaza.

Kwa miaka ishirini na mbili lilikuwa likinguruma pale kando ya meza ya chakula, weupe wake umegeuka rangi ya meno ya mzee, mlango wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtu nyumbani aliyelisikia. Ndivyo zilivyo sauti zinazotulinda. Hatuzisikii zikiwapo. Tunazisikia siku zinapokoma, na siku hiyo tunalala macho wazi, tunajiuliza ni nini kilichotuita.

Mama mwenyewe, Bi Kidawa, alikuwa amenyamaza kabla yake. Arobaini yake ilikuwa imesomwa wiki iliyopita, mabusati yamekunjwa, sufuria kubwa zimerudishwa kwa wenyewe, na nyumbani walibaki wawili tu: Mwasiti na lile friji. Sasa alibaki mmoja.

Alifungua sehemu ya kugandishia. Kuta za barafu zilikuwa zinatoka jasho. Ndani mlikuwa na kopo moja la aiskrimu, na ndani ya kopo hilo, kama ajuavyo kila aliyekulia mtaa ule, hamkuwa na aiskrimu. Hakuna mtoto wa nyumba ile ambaye hakuwahi kulia mbele ya kopo la aiskrimu lililofunguliwa likakutwa na mbaazi. Bi Kidawa alipika mbaazi za nazi chungu kizima, akazigawa kwenye makopo, akazigandisha, na mwezi mzima nyumba ikala asubuhi bila kuuliza. Alipokufa aliacha makopo saba. Sita yalikuwa ya chungu kimoja, na waombolezaji waliyamaliza siku za matanga bila hata kujua wanakula nini. La saba alikuwa amelipika peke yake, chungu kidogo, siku nne kabla hajapelekwa hospitali. Alfajiri ile Mwasiti alisikia mbuzi ya kukunia nazi ikikwaruza jikoni. Alijua mama hana nguvu za kukuna nazi. Akajifunika shuka, akajisemea, naamka sasa hivi. Usingizi ukampitia.

Hivyo basi, msomaji, usione ni mbaazi. Ilikuwa ndiyo asubuhi ile, imefungiwa kwenye kopo, na maadamu imeganda bado haijaisha, na maadamu haijaisha bado mtu anaweza kuamka.

Utauliza kwa nini hakulipeleka kopo kwa jirani. Jirani alikuwapo, na friji alikuwa nalo, tena zima. Lakini Mwasiti alikuwa ameshaona makopo sita yakiondoka mikononi mwa watu wema. Alikuwa amefika mahali ambapo mtu hamwamini yeyote kwa kitu anachokipenda, na mahali hapo, japo hakujua, ni baridi kuliko barafu yoyote. Alilifunga kopo kwa magazeti, juu ya magazeti akafunga kanga, akalitia kwenye ndoo yenye kifuniko, akatoka kwenda kununua friji jipya. Fedha alikuwa nazo. Fedha si habari yetu leo.

Duka lilijengwa mahali palipokuwa na uwanja wa mpira. Wengine husema palikuwa na shule, wengine kisima. Kila unayemuuliza anataja kitu alichokipenda na ambacho hakipo tena. Lilikuwa kubwa kiasi kwamba halikuwa na jina. Vitu vidogo ndivyo huhitaji majina, visije vikapotea. Milango yake ya vioo ilijifungua yenyewe, kama nyumba ya mtu aliyekuwa akikungoja, kisha ikajifunga nyuma yako, kama nyumba ya mtu aliyekwisha kukusahau.

Mlangoni alisimama mlinzi, mtu mzima mwenye ndevu za mvi na kofia iliyomzidi kichwa.

“Mizigo inabaki hapa, dada. Utapewa kibati chenye namba.”

“Huu haubaki.”

“Kila mtu husema hivyo. Una nini humo?”

“Mbaazi.”

Mlinzi alimtazama usoni, akaitazama ndoo, akarudi usoni. “Sasa dada yangu, umekuja kununua au umekuja kuuza?”

“Nimekuja kununua friji. Hizi ndizo za kuwekwa ndani.”

“Watu hununua friji kwanza, halafu ndiyo hupika.”

“Aliyepika amefariki.”

Mlinzi akavua kofia. Alisogea kando, kama mtu anayepisha jeneza barabarani. “Pole sana. Mungu ampumzishe. Mama?”

“Mama.”

“Wangu mimi ana mwaka wa tisa.” Akavaa kofia, na kofia ilipokaa kichwani sauti yake nayo ikabadilika, ikawa ya duka. “Lakini kanuni ni kanuni. Nitaufunga mzigo kwa utepe wa gundi. Usiibandue mpaka utoke. Ukiibandua humo ndani, kilichomo kitahesabiwa ni cha humo ndani.”

Akaizungushia ndoo utepe mwekundu, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, na kwenye utepe paliandikwa IMEKAGULIWA, IMEKAGULIWA, IMEKAGULIWA, ingawa hakuna mtu aliyekuwa ameangalia.

Ndani, juu ya kila safu, palining'inia bango: OFA INAISHA LEO. Karatasi zake zilikuwa zimegeuka manjano na kujikunja pembeni, na buibui alikuwa amejenga kati ya neno la pili na la tatu. Mwasiti alisimama chini ya bango moja akawaza, leo gani? Huenda ilikuwa leo ileile tangu duka lilipofunguliwa. Huenda kuna mahali duniani ambapo leo haiishi, inatangazwa tu kwamba inaisha, na watu wanakimbia na vikapu vyao wakiogopa kesho ambayo haina njia ya kuingia. Kama ni hivyo, alijisemea, basi nimefika mahali pazuri. Mahali leo isipoisha, kitu hakiyeyuki.

Lakini kitako cha ndoo, chenye ufa wa siku nyingi, kilikuwa kimeanza kulowa.

Mama, nimeshika kwa mikono miwili.

Mama, nakwenda upesi.

Mama, wewe ulikuwa ukisema haraka haina baraka, ukasema pia ngoja ngoja yaumiza matumbo. Ulinipa zote mbili, hukuniambia ipi ni ya lini.

Ili kufika kwenye mafriji ilibidi kupita ukumbi wa televisheni. Zilikuwa mamia, ukuta mzima, zote bila sauti, zote zikionyesha maua yakichanua polepole mahali ambapo hakuna mtu. Mbele ya ukuta walisimama mume na mke wakigombana.

“Inchi sabini na tano tutaiweka wapi?” mke aliuliza. “Sebule yenyewe ukinyoosha mguu umefika kwa jirani.”

“Tutaikalia mbali.”

“Mbali wapi? Barazani? Tuangalie kupitia dirishani kama wezi?”

Mwasiti aliwapita. Upande wa pili wa ukuta televisheni zilikuwa hazina maua. Zilikuwa zimeunganishwa na zile kamera za ulinzi zinazouzwa hapohapo, na zilionyesha duka lenyewe kutoka juu: safu, mabango, vichwa vya watu. Ndipo alipomwona. Kwenye kioo cha kwanza mwanamke alikuwa anatembea amewapa watu mgongo, mtandio umeangukia upande wa kushoto, bega la kulia limeshuka kidogo kuliko la kushoto, kama la mtu aliyebeba maji maisha yake yote. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa na bega lile. Mwanamke akatoka kwenye kioo cha kwanza akaingia cha pili. Mwasiti akaongeza mwendo. Yule naye akaongeza. Cha tatu, cha nne, cha kumi. Vioo vilikuwa vinapokezana, kila kimoja kikimpa mwenzake kama watu wanavyopokezana jeneza, hatua mbili wewe, hatua mbili mimi, asiwepo wa kulemewa.

“Mama!”

Mwanamke alisimama. Aligeuka. Na kwa kitambo kidogo sana, kabla jicho halijaamua linamwona nani, alikuwa ni Bi Kidawa, kidevu chake, kipaji cha uso wake, ule uchovu wake wa kuchekacheka. Kisha Mwasiti aliiona ndoo yenye utepe mwekundu mikononi mwa yule mwanamke.

“Ni kamera tu hiyo, dada,” alisema yule mume, aliyekuwa amemfuata nyuma kuukwepa ugomvi. “Hata mimi nilijiona hapo nikadhani baba mkwe.”

“Ungekuwa baba yangu,” mkewe alimjibu kutoka ng'ambo, “ungekuwa umeshanunua tumeondoka!”

Mwasiti hakucheka. Alikuwa anajitazama. Hakuwahi kujua kwamba bega lake la kulia limeshuka. Hujijui mgongo wako. Mgongo wako ni wa wale wanaobaki nyuma yako. Akafikiri kwamba labda mtu hafi mahali pamoja, bali anafia huku na kuokotwa kule, begani mwa mtu mwingine, na aliyeokota ndiye wa mwisho kujua. Wazo hilo lingeweza kumfariji. Lakini wakati ule alikuwa hataki faraja, alikuwa anataka friji, akaondoka.

Zaidi ya televisheni palikuwa na majiko, maikrowevu, redio zenye saa. Zote ziliwaka namba zilezile, sifuri nne, zikizima na kuwaka, zikizima na kuwaka, kama macho ya kuku wengi wenye usingizi. Alimwuliza mfanyakazi aliyekuwa anapangusa vumbi, “Samahani kaka, saa ngapi sasa?”

“Saa tunaziuza, dada. Hatuzisomi.”

“Nimeingia humu saa mbili asubuhi.”

“Basi ni baada ya hapo,” alisema yule kwa upole, akaendelea kupangusa.

Na safu zikarefuka. Alipita feni zilizokuwa zinatikisa vichwa kukataa jambo ambalo hakuna aliyeliuliza. Alipita mashine za kufulia, kila moja na dirisha lake la duara, na kila dirisha na uso wake Mwasiti, mdogo, umepinda. Alipita pasi zilizosimama wima kama wanafunzi. Mikono ilimuuma. Maji ya baridi yalimtiririka kwenye kiwiko, na kila tone alilihisi likianguka, akalihesabu, akaacha kuhesabu.

Kukihifadhi kitu ni kukipenda? Au ni kukikatalia ruhusa?

Mama, ungenijibu.

Mama, ungesema, mtoto huyu maswali yake kama ya hakimu, njoo uchambue mchele.

Ukumbi wa mafriji ulikuwa mweupe na mpana kama msikiti usio na watu. Yalisimama kwa safu, bega kwa bega, milango wazi, taa ndani zinawaka. Ndani yake mlikuwa na matufaha ya plastiki, zabibu za plastiki, na samaki wa plastiki aliyekuwa anatabasamu. Mwasiti alikimbilia lililo karibu, akaingiza mkono. Joto. Akaingiza mkono kwenye la pili. Joto vilevile, joto la chumba kilichofungwa.

“Usijisumbue, mwanangu. Hayajawashwa hayo.”

Aliyesema alikuwa muuzaji, mwanamke wa makamo, miwani inaning'inia kwa uzi shingoni, miguu iliyovimba kwa kusimama ndani ya kandambili. Kifuani alikuwa na kibati cha jina: KOMBO.

“Wewe ndiye Kombo?” Mwasiti aliuliza, kwa sababu hilo ni jina la kiume.

“Kombo ni sare. Alikuwa nayo kaka mmoja kabla yangu. Alipoondoka, sare ilibaki, na mimi nilipokuja ndiyo iliyonienea.”

“Sasa unaitwa nani?”

“Hapa, Kombo. Nyumbani, mama fulani, jina la mwanangu. Langu mwenyewe...” Alifikiri kidogo, kama anayetafuta ufunguo mkobani. “Lipo. Liko mahali. Nikusaidie nini?”

“Nataka friji linalogandisha upesi.”

“Upesi kama nini?”

“Kama sasa hivi.”

Muuzaji aliitazama ndoo na maji yaliyochora mstari mrefu sakafuni, kutoka pale Mwasiti aliposimama mpaka mwisho wa macho. Hakuuliza. Alichukua karatasi, akaandika, akapiga makofi mara mbili, na kutoka juu, ghalani, ikasikika lifti ikiteremka kwa kuugua.

Hapa lazima niseme desturi ya mahali pale, kwa kuwa kila kitu kiliigeukia. Hakuna kilichotoka dukani kabla hakijajaribiwa mbele ya macho ya mwenyewe. Katikati ya ukumbi palikuwa na meza ndefu yenye soketi, nayo iliitwa meza ya majaribio. Kitu kilitolewa kwenye boksi, kikachomekwa, kikawaka, kikanguruma, kikapasha au kikapoza, na mnunuzi akatia sahihi chini ya maneno haya: Nimekiona kinafanya kazi. Baada ya sahihi, lolote litakalokipata ni lako. Watu wa nchi ile walikuwa hawaamini neno lolote la mtu, lakini walikuwa wakiiamini sahihi hiyo, na wengi walikuwa wakitembea nayo mfukoni miaka na miaka baada ya kitu chenyewe kufa, wakisema: mimi nilikiona kinafanya kazi.

Lifti ilifunguka. Wapagazi wawili wenye vitambaa vichwani walitoka wakisukuma toroli. Juu yake friji lilikuwa limelazwa chali kama mgonjwa.

“Vuai!” Muuzaji alishika kiuno. “Nimewaambia mara ngapi friji halilazwi?”

“Lifti fupi, mama,” alisema Vuai, mpagazi mkubwa mwenye taulo shingoni. “Likisimama haliingii. Tulikate kichwa?”

“Haya, mmeshalitia edani.”

Wapagazi wakacheka. Ilikuwa ni mzaha wao wa kila siku. Kisha wakaona kwamba mnunuzi hacheki, na kicheko kikawaishia midomoni.

“Edani ndiyo nini?” Mwasiti aliuliza.

Muuzaji alishusha pumzi. “Mashine ya friji ina mafuta chini, mwanangu. Likilazwa, mafuta yanapanda kwenye mabomba. Inabidi lisimamishwe, liachwe kimya, lisichomekwe, mpaka kesho saa kama hizi, yateremke yenyewe. Sisi tunasema limekaa eda, kama mjane. Ukiliharakisha litanguruma kidogo, utafurahi, halafu litakufa palepale.”

“Kesho?”

“Kesho.”

“Nipe lingine. Ambalo halikulazwa.”

“Yote yanateremka kwa lifti hiyohiyo.”

“Haya basi!” Mwasiti alionyesha safu nyeupe. “Haya yamesimama!”

“Hayo ni ya kutazama. Hayana mashine. Ni maganda na taa.”

“Lenu. La wafanyakazi. La kuwekea chakula chenu.”

Hapo muuzaji na wapagazi wakatazamana, na kwenye nyuso zao ikapita aibu ambayo haikuwa yao. “Lilikufa,” alisema Vuai. “Zamani. Tunangoja fundi. Chakula chetu tunakiweka dirishani, kwenye upepo.”

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mafriji elfu moja, na hakuna baridi ya kutosha kopo moja. Watu waliouza baridi mchana kutwa walikula wali uliochacha. Kama kuna mfalme mahali fulani juu ya lile ghala, na sina hakika kama yupo, basi hiyo ndiyo siri ya ufalme wake: ameyapanga mambo ili kila mtu asimame karibu kabisa na kile anachokihitaji, akiwa amevaa jina la mwingine, na asikipate. Wala hakuna wa kulaumiwa. Lifti ni fupi tu. Mafuta ni mazito tu. Ni kesho tu.

Mwasiti aliketi sakafuni, ndoo kati ya magoti.

“Fungua, mwanangu,” alisema muuzaji.

“Mlinzi alisema nikifungua humu, zinakuwa za humu.”

“Fungua.”

Utepe ulikuwa umelowa, ukabanduka bila kelele. Kanga ilikuwa imelowa. Magazeti yalikuwa yamegeuka uji wa habari za zamani. Alipokifungua kifuniko cha kopo, harufu ya nazi ilipanda, na wale wapagazi wawili, bila kuambiwa, walivua vitambaa vya vichwa. Mbaazi zilikuwa zimelegea, zinaogelea kwenye tui la manjano, na katikati palikuwa na donge moja la barafu lililobaki, kadiri ya ngumi ya mtoto. Ukilitazama ungeweza kuliona likipungua.

“Nitazigandisha tena,” Mwasiti alisema. “Kesho. Friji likiamka.”

Muuzaji alipiga magoti kwa tabu, miguu yake ikalalamika. “Sikiliza. Nimeuza haya madude miaka mingi kuliko ninavyokumbuka jina langu. Chakula kikishayeyuka hakigandishwi mara ya pili. Kinaharibika ndani kwa ndani, wewe unaona kizima. Utakuwa na kopo. Utalifungua kila asubuhi ulitazame. Lakini ndani yake hatakuwamo mama yako, utakuwamo uvundo.”

“Aliamka peke yake,” Mwasiti alisema. “Nilimsikia. Nilikuwa macho.”

Vuai alishika taulo lake la shingoni.

“Alizikunia nazi mwenyewe. Mimi nilijifunika shuka.”

“Ndiyo,” alisema muuzaji.

Nilitegemea angesema neno kubwa zaidi ya hilo. Hakusema. Labda hakuna kubwa kuliko hilo: kuna mtu mmoja duniani amekusikia, na hakukuambia si kitu.

Donge la barafu liligeuka upande, likazama, likaibuka dogo zaidi. Mwasiti alilitazama mpaka likawa kama jicho, kisha kama jino, kisha hakulitazama tena. Kwenye meza ya majaribio palikuwa na jiko la umeme jipya, limetolewa kwenye boksi, linamngoja mwenye nalo, na juu yake sufuria.

“Hilo mnalijaribia nini?” aliuliza.

“Maji.”

“Leo lijaribieni hizi.”

Alizimimina kwa mkono wake, zote, na barafu ya mwisho ikaanguka sufuriani ikalia kidogo. Muuzaji alichomeka waya. Koili ilianza nyeusi, ikawa ya kahawia, ikawa nyekundu. Mvuke uliinuka katikati ya ule ukumbi mweupe, na ulikuwa mvuke wa kwanza kupanda pale tangu enzi za uwanja wa mpira, au shule, au kisima. Vuai alikwenda dirishani akarudi na chapati nne kwenye mfuko wa plastiki. Mwenzake alileta sahani moja ya bati. Na mwisho wa safu akatokea mlinzi, anafuata mstari wa maji sakafuni, kofia mkononi.

“Nani kabandua gundi yangu?”

“Mimi,” alisema Mwasiti.

Mlinzi alitazama sufuria. Alivuta pumzi kwa pua, akazuia, akaachia. “Basi zimekuwa za humu ndani,” alisema. “Na mimi pia ni wa humu ndani. Nisogezeeni nafasi.”

Mwasiti aliwapakulia. Kila mmoja akakata chapati, akachovya, akatia kinywani.

“Tamu,” alisema Vuai, akitazama dari.

Mlinzi alitafuna muda mrefu kuliko mbaazi zinavyohitaji.

Mwasiti akaonja. Nazi ilikuwapo, nzito, ya kukunwa. Manjano ilikuwapo. Pilipili nzima, haijapasuka, ilikuwapo, kama kawaida ya mkono ule. Chumvi haikuwapo. Hata chembe. Bi Kidawa, aliyekuwa akionja kwa harufu, aliyepikia harusi za mtaa mzima bila kijiko cha kupimia, alikuwa amesahau chumvi.

Basi alikuwa ameshaanza kuondoka. Alfajiri ile, kabla ya hospitali, kabla ya kila mtu, akiwa peke yake jikoni na ile nazi, alikuwa ameshaondoka kidogo, na alichokiacha kwenye kopo ni mahali pale alipokuwa hayupo. Hicho ndicho Mwasiti alichokilinda siku zote zile. Alikuwa amebeba ukosefu kwa mikono miwili kutoka mwisho mmoja wa dunia mpaka mwingine, akiogopa usije ukamwagika.

Alilia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, chapati mkononi, vile watu wanavyolia siku ya kwanza. Siku ya kwanza yenyewe hakuwa amelia; alikuwa anahesabu sahani za wageni. Wapagazi walimtazama bila kuona haya, na muuzaji akamshika mgongoni na kuuacha mkono hapo.

“Wagonjwa husahau,” alisema mlinzi polepole. “Wangu alisahau jina langu. Lakini kila nikienda aliniambia, kaa, umekula?”

Alipotulia, muuzaji alikuwa ameshafungua kifurushi chake cha chakula na kutoa kikaratasi kilichosokotwa. Alikifungua. Chumvi, kiasi cha vidole vitatu. Alikinyoosha juu ya sufuria, kisha akasita, akampa Mwasiti.

Mwasiti alikishika kile kikaratasi. Alijua kwamba akitia, hazitakuwa tena zile alizoacha mama. Zitakuwa zimeguswa na mkono mwingine, zimeendelezwa, zimesogea kutoka alfajiri ile hadi saa hii isiyo na namba. Hatakuwapo tena mtu wa kuonja kile alichopika Bi Kidawa siku ile, vile alivyokipika. Alikaa na jambo hilo. Jiko liliwaka. Watu wanne walikuwa na njaa, nao hawakumhimiza.

Akatia nusu. Akakoroga kwa mwiko wa plastiki wenye bei shingoni, kutoka pembeni kuja kati, polepole, asiziponde. Akaonja.

“Bado kidogo,” alisema.

Akatia iliyobaki, akakikung'uta kikaratasi, akakoroga tena, akaacha zichemke mara moja. Mlinzi aliketi chini kabisa, kofia gotini. Vuai alifuta sahani kwa taulo lake. Mwasiti akaonja mara ya mwisho, akafumba macho, akayafumbua.

“Sasa zimekolea,” alisema. “Karibuni.”